Kabla ya Jembe, Ujue Udongo Umetoka Wapi



Leo nasema na mwenye ua. Nakusudia kile kiwanja kinachobaki ukishajenga nyumba, jiko na choo. Hapa Segese, Msalala, mkoani Shinyanga, na ukipanda kwenda Kakola mpaka kuingia Geita, nyumba nyingi zina kiwanja cha namna hiyo, na mara nyingi kimeachiwa magugu na mifuko iliyopeperushwa na upepo. Sisi tunaishi na dhahabu. Duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, likitema, bei ya kila kitu sokoni inapanda. Duara likinyamaza, fedha inapotea mtaani, lakini watoto wanataka kula siku zote. Kiwanja kidogo nyuma ya jiko, kikitunzwa vizuri, kinaweza kuwapa mboga siku duara linapotema na siku linaponyamaza.

Wengi wamejaribu na wakakata tamaa, na sababu mojawapo ni lugha. Pakiti ya mbegu inasema: sia kitaluni, kaza miche, hamishia bustanini. Afisa ugani akipita anasema: weka matandazo, pogolea, punguzia miche. Mtu anaitikia kwa heshima, bwana shamba anaondoka, na kazi haifanyiki kwa sababu haikueleweka. Maneno haya ni maagizo ya kazi, na kila agizo lina wakati wake. Nitayapitia kwa kufuata kazi yenyewe inavyokwenda. Lakini kuna jambo ambalo halimo kwenye pakiti yoyote, nalo kwa ukanda wetu linatangulia yote: udongo wa uani kwako umetoka wapi?

Kwingine mwalimu wa bustani angeanza na mbegu. Hapa kwetu haifai. Mgodi wa Geita ulianza kuzalisha mwaka 2000, ule wa Bulyanhulu chini ya ardhi ukafuata mwaka 2001, na wachimbaji wadogo walikuwapo kabla ya hapo na wapo hadi leo. Kila duara linatoa mawe. Mawe yanakwenda kwenye karasha, yanasagwa, yanaoshwa kwenye mialo, na kinachobaki baada ya kuoshwa ndicho kinachoitwa marudio. Marudio ni mchanga laini, mwepesi kuchota, usio na mzizi wala jiwe. Mtu anayetafuta cha kujazia viroba vya kupandia mchicha akiuona atasema nimepata. Mama yangu, baba yangu, usiuchukue.

Sababu yake ni hii. Kwenye mwalo humwagwa zebaki ili ishikane na dhahabu. Sehemu ya zebaki hiyo inabaki kwenye marudio. Sehemu nyingine, dhahabu inapochomwa, inapaa kama mvuke na baadaye kutua kwenye mapaa, kwenye udongo na kwenye majani ya mboga. Marudio hayo hayo huweza kupelekwa kuloweshwa kwa sayanaidi ili kukamua dhahabu iliyosalia. Tena mawe ya dhahabu mara nyingi huwa na aseniki ndani yake, na yakishasagwa, unga wake unasafiri na maji na upepo. Zebaki na aseniki haziozi kama majani yanavyooza. Zinakaa. Ukiosha mchicha kwa maji safi utaondoa vumbi lililo juu ya jani, lakini kilichokwisha kuingia ndani ya jani hakitoki kwa kuoshwa wala kwa kupikwa. Na wanaoumia zaidi ni mtoto aliye tumboni na mtoto mdogo, kwa sababu zebaki inaharibu ubongo na mishipa ya fahamu ambayo bado inakua. Dunia imeweka mkataba juu ya jambo hili, Mkataba wa Minamata, uliopewa jina la mji wa Japani ambako watu walidhurika kwa kula samaki wenye zebaki iliyotoka kiwandani. Ulianza kutumika mwaka 2017, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020.

Kwa hiyo, kabla hujanunua mbegu, zunguka ua wako na uulize. Kiwanja hiki kabla hujakinunua kilikuwa cha kazi gani? Kilipojazwa kifusi, kifusi kilitoka wapi? Mvua ikinyesha, maji yanaingia kutoka upande gani, na huko juu yanakotoka kuna mwalo au karasha? Je, kuna jirani anayechoma zebaki jikoni kwake au nyuma ya nyumba? Waulize wazee wa mtaa, wanakumbuka. Ukipata jibu lisilokuridhisha, mahali hapo panda miti ya kivuli na maua, mboga uziweke kwenye viroba vilivyojazwa udongo uliofuatwa kwenye shamba unalolijua. Viroba viwe vya unga au vya mchele. Na lile pipa la plastiki linalouzwa rahisi, ambalo lilikuja mgodini na kemikali, lisiwe pipa lako la kuhifadhia maji ya kumwagilia, hata ukilisuguaje.

Nimekaa sana hapo kwa makusudi. Sasa twende kwenye aina ya udongo.

Wakulima wa Kisukuma walikuwa na majina ya udongo zamani sana. Luseni ni ule wa kichanga, unaoupata sehemu za juu, maji yakimwagika yanapotea mara moja. Itogolo uko chini zaidi, mgumu, jembe linaruka. Mbuga ni ule mweusi wa bondeni, unaopasuka nyufa kiangazi na kunasa viatu masika. Majina hayo yanafuata mteremko, kutoka kilimani mpaka bondeni. Miaka ya 1930 mtaalamu wa udongo aitwaye Geoffrey Milne, aliyekuwa kwenye kituo cha utafiti cha Amani, Tanga, aliandika kuhusu jinsi udongo wa nchi hii unavyobadilika kwa mpangilio kutoka juu ya kilima hadi chini, na wanasayansi wa dunia nzima wanalitumia wazo hilo hadi leo. Mkulima wa huku alikuwa tayari anaujua mpangilio huo, na alichagua mahali pa mihogo na mahali pa mpunga kwa kuufuata.

Maafisa ugani wanatumia majina matatu: kichanga, mfinyanzi na tifutifu. Huhitaji maabara kuyatofautisha. Chota udongo kiasi cha kiganja, ulowanishe, uufinyange, kisha uviringishe uwe kamba. Ukikataa kushikana, ni kichanga. Ukitoa kamba ndefu inayokunjika kuwa pete bila kupasuka, ni mfinyanzi. Ukitoa kamba fupi inayopasuka ukiikunja, hiyo ni tifutifu, na wewe una bahati. Kichanga hakishiki maji wala chakula cha mmea. Mfinyanzi unashika vyote lakini unaibana mizizi isipumue. Na dawa ya wote wawili ni moja, mboji.

Mboji ni mabaki ya mimea yaliyooza na kugeuka udongo mweusi wenye harufu ya msitu baada ya mvua. Unapanga tabaka: mabua au majani makavu, juu yake majani mabichi na maganda ya jikoni, juu yake samadi kidogo na majivu kidogo, unamwagia maji, unarudia. Chomeka kijiti kirefu katikati. Baada ya siku chache kichomoe ukiguse: kikiwa cha moto, lundo linafanya kazi. Kikiwa kikavu, ongeza maji. Lipindue kila baada ya wiki mbili au tatu, na baada ya miezi miwili hadi mitatu hivi mboji imeiva. Usitie nyama, mafuta wala plastiki.

Samadi ni kinyesi cha mifugo, na Usukumani hatuna upungufu wake. Lakini sikiliza neno linaloambatana nayo: samadi iliyoiva. Samadi mbichi iliyotoka zizini leo inaunguza miche, na imebeba mbegu za magugu yote ambayo ng'ombe amekula. Iache ikae kivulini, ifunikwe, mpaka ipoteze harufu kali na ivunjike kirahisi mkononi.

Sasa tuta. Hapa ndipo ninapoona watu wa kwetu wanapoteza maji na nguvu. Tuta la bustani lina upana wa mita moja, kwa sababu kwa upana huo mikono inaweza kufikia katikati kutoka pande zote mbili bila mguu kukanyaga udongo uliokwisha kutifuliwa. Urefu ni wewe na nafasi yako. Sasa kuna tuta la kuinuliwa na kuna tuta mbonyeo. La kuinuliwa liko juu ya njia, maji yanayozidi yanashuka. Linafaa masika, na linafaa kwenye mbuga ambako maji yanatuama. Tuta mbonyeo ni kinyume: unatoa udongo wa juu kidogo, unaupanga pembeni kuwa kingo, unachanganya samadi iliyoiva na udongo wa chini, na sehemu ya kupandia inabaki chini ya njia kwa kina cha kiganja hivi. Maji unayomwaga hayana pa kukimbilia.

Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia karibu na Novemba hadi Aprili au Mei, kisha kiangazi kirefu. Mboga za uani tunazihitaji zaidi kiangazi, pale mboga za porini zinapokauka. Halafu mtu anaona picha ya bustani ya Lushoto, kwenye mvua na ubaridi, ameinua matuta, naye anainua matuta yake Segese mwezi wa nane kwenye luseni. Ndoo ya maji aliyoinunua inateremka njiani na kulowesha miguu. Kwa kiangazi cha huku, kwenye udongo wa kichanga, mimi nasema tuta mbonyeo bila kusita. Na si jambo geni. Kila aliyewahi kulima mpunga kwenye majaruba anajua nguvu ya kingo ndogo ya udongo, na hili ni jaruba la mboga.

Kitalu ni tuta dogo la kulelea miche kabla haijahamishwa. Kusia ni kumwaga mbegu kitaluni, na wengine husema kuatika. Unachora mistari midogo kina cha sentimita moja, umbali wa kiganja kati ya mstari na mstari, unamwaga mbegu kwa kuzitawanya, unafunika udongo kidogo, unatandaza nyasi kavu, unamwagilia taratibu. Mbegu zikichomoza, nyasi zinatoka siku hiyo hiyo, maana ukichelewa miche inarefuka kutafuta mwanga na kuwa myembamba. Badala yake unasimamisha kichanja kifupi chenye majani juu, kwa ajili ya kivuli. Miche ikisongamana unaipunguzia, yaani unang'oa iliyo dhaifu ili yenye nguvu ipate nafasi. Wengi wanashindwa kufanya hivyo kwa huruma. Ng'oa tu, na ile michanga ya mchicha unaweza kuipika.

Kukaza miche ni kuizoesha shida. Siku saba hadi kumi kabla ya kuihamisha, punguza maji, punguza kivuli. Mche uliolelewa kwa starehe ukipelekwa kwenye jua la Msalala ghafla, unalala siku hiyo hiyo. Nyanya, kabichi, chainizi, hoho na ngogwe zinapita kitaluni na huhamishwa zikiwa na wiki nne hadi sita. Bamia, kunde na mgagani huzipandi kitaluni, mbegu zake zinakwenda moja kwa moja bustanini. Mchicha unaruhusu njia zote mbili. Siku ya kuhamisha, mwagilia kitalu kwanza, ng'oa miche na udongo wake, fanya kazi jioni jua likishapoa. Nyanya ziachie nafasi ya sentimita 50 kati ya mche na mche na 60 kati ya mstari na mstari. Ua mdogo unamshawishi mtu abane, lakini nyanya zilizobanana hazipati hewa, na ukungu unazimaliza.

Matandazo ni majani makavu, mabua au pumba zinazofunika udongo kati ya mimea. Ukiniuliza kazi moja ya kufanya kiangazi kama huna nguvu ya nyingine, nitakwambia hii. Udongo uliofunikwa unakaa na unyevu muda mrefu zaidi, magugu yanapungua, na matandazo yenyewe yanaoza na kuwa chakula. Yasiguse shina, acha nafasi ya vidole viwili vitatu. Na palipo na mchwa, angalia mara kwa mara chini yake.

Palizi mnaijua. Kupogolea, ambako wengine huita kupogoa, ni kukata matawi yasiyohitajika. Kwa nyanya zinazorefuka ni kuondoa yale machipukizi yanayotoka kwenye kwapa kati ya shina na jani, yakiwa bado madogo, kwa vidole, halafu unaufunga mmea kwenye mti wa kuegemea. Kwa mwembe au mpera ni kukata matawi yaliyokufa na yanayosuguana, kwa kisu au msumeno mkali. Panga butu linachana gamba, na palipochanika ugonjwa unaingia.

Wadudu nitawapita haraka, ni mada yake peke yake. Vidukari ni wale wadogo laini wanaojazana chini ya jani changa, na maji ya majani ya mwarobaini yaliyotwangwa na kuchujwa, ukipulizia jioni, yanawapunguza. Kantangaze ni mdudu mwingine, yule kiwavi anayechimba ndani ya jani na tunda la nyanya, aliyeingia nchini mwaka 2014. Huyo usimchezee. Majani yaliyoshambuliwa yatoe uyachome, wala usiyatupe kwenye mboji.

Kwenye duka la pembejeo utasikia mbegu chotara. Ni mbegu iliyopatikana kwa kuchavusha aina mbili za wazazi waliochaguliwa. Inazaa vizuri, lakini mbegu utakazozitoa kwenye tunda lake hazitarudisha mmea ule ule, kwa hiyo kila msimu utanunua upya. Mbegu za asili na zile zinazochavushwa kwa njia ya kawaida unaweza kuzitunza mwenyewe. Ukinunua, tafuta lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayodhibiti ubora wa mbegu, na usome tarehe ya mwisho ya matumizi. Mbegu za kupimwa kwa kijiko sokoni, zilizokaa juani mchana kutwa, mara nyingi hazioti, na mnunuzi anabaki kuulaumu mkono wake.

Kisha kuna mandhari, yaani mpangilio wa ua wote. Wengi wanadhani ni mambo ya hoteli na ofisi. Lakini bibi zetu Usukumani walikuwa na uzio hai, ua wa minyaa uliozunguka mji na zizi, usiohitaji saruji wala misumari. Mnyaa unaota kwa kuchomeka kipande cha tawi, na hauogopi kiangazi. Tahadhari yake ni utomvu wake mweupe, unaoumiza macho vibaya sana. Ukikata, geuza uso, na watoto wakae mbali.

Kinga maji ni mfereji mdogo na tuta lake, vinavyochimbwa kukatiza mteremko ili maji ya mvua yasimame na kuzama badala ya kukimbia na udongo wako. Kwenye ua unaoteremka, chimba kinga maji kabla ya kitu kingine chochote, na upande miti yako kandokando yake.

Na lipo neno letu wenyewe ambalo limetoka Shinyanga likafika mbali: ngitili. Ni eneo linalofungwa wakati wa masika, mifugo isiingie, ili nyasi na miti ipumzike na kuwa akiba ya kiangazi. Miti ya mkoa huu ilikuwa imekatwa kwa miaka mingi, mingine kwa ajili ya vita dhidi ya mbung'o, mingine kwa ajili ya pamba, kuni na makaa, mpaka ardhi ikabaki wazi. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, na uliendelea hadi 2004. Nguvu yake ilikuwa kurudi kwenye ngitili ambazo wananchi walizijua tayari. Familia na vijiji vilifunga maeneo, visiki vikachipua, na maelfu kwa maelfu ya hekta yakarudi kuwa kijani. Mwaka 2002 kazi hiyo ilipata tuzo ya kimataifa ya Equator. Leo miti hiyo inakatwa tena kwa ajili ya magogo ya kuegemeza maduara na mkaa wa miji inayokua, na inaniuma. Kwenye ua, kufunga kona moja kunatosha. Zungushia miiba, zuia mbuzi, na kisiki chochote kilicho hai humo, hata kama kimekatwa mara kumi, kiachie machipukizi mawili yaliyo imara na uyakate mengine. Mti unaotoka kwenye kisiki chenye mizizi ya zamani hukua haraka kuliko mche wa dukani, maana mizizi yake iko chini tayari.

Nimalizie na uvunaji. Kuchuma ni kuchukua majani ya nje na kuacha moyo wa mmea uendelee. Kung'oa ni kuondoa mmea wote. Chainizi, kunde na mgagani vikichumwa vizuri vinatoa mboga kwa wiki kadhaa, vikikatwa moyo vinaisha. Na masika, kunde zinapozidi, usiziache zizeeke. Chuma majani machanga asubuhi, yaoshe, yachemshe kidogo, yaanike kwenye chekeche safi au mkeka ulioinuliwa juu ya ardhi, mbali na barabara ya malori ya mawe na mbali na karasha, yafunikwe kwa chandarua. Yakikauka mpaka yanavunjika, hiyo ndiyo nsansa. Ifunge kwenye chombo kikavu chenye kifuniko, iweke mahali pasipo na jua, na mwezi wa tisa ukiipika na karanga, nyumba itakuwa na mboga.